Baki la Nini? Namna ya Kufumbua Mafumbo ya Kugawanya Sehemu

Fundi cherehani ana kitambaa cha mita 5½. Sketi moja inakula mita 1¼. Atashona sketi ngapi, na atabakiwa na kitambaa kiasi gani?

Wape fumbo hili wanafunzi watatu wanaojua vizuri kugawanya, na usishangae ukipewa majibu matatu. Wa kwanza ataandika: sketi 4, baki 2. Wa pili: sketi 4, baki 2/5. Wa tatu: sketi 4, baki mita ½. Kila mmoja ana kazi yake kwenye daftari, na ukipitia mstari kwa mstari hutaona kosa la ukokotoaji.

Wote watatu wanazungumzia kipande kile kile cha kitambaa. Ile 2 ni robo mbili za mita. Ile 2/5 ni sehemu ya sketi: kipande kilichobaki kinatosha sehemu mbili kati ya tano za sketi nyingine. Ile ½ ni nusu mita. Aliyejibu swali la fundi ni wa tatu peke yake, kwa sababu fundi aliuliza kitambaa, na kitambaa chake kinapimwa kwa mita. Wawili wa mwanzo walifika mlangoni wakashindwa kusema hodi: hawakutaja baki lao ni la nini.

Mafumbo ya aina hii hukosewa zaidi hapo kuliko kwenye kuzidisha na kugawanya. Mwongozo huu unakupitisha katika njia ya kufika kwenye jibu bila kupoteza kipimo, kisha namna ya kuamua baki lifanywe nini. Unafaa ukiwa mwanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi, na unafaa pia ukiwa mzazi anayeulizwa jioni, "Mama, hili linafanywaje?"

Soma fumbo kabla ya kukokotoa

Kugawanya kuna kazi mbili, na fumbo halikuambii waziwazi ni ipi. Kazi ya kwanza ni kutafuta kitu kimoja kinaingia mara ngapi ndani ya kingine: mita 1¼ zinaingia mara ngapi ndani ya mita 5½? Kazi ya pili ni kugawia: kilo 2½ za nyama zigawanywe sawa kwa familia 4, kila familia ipate kiasi gani?

Dalili ya kuzitofautisha ni vipimo. Mita ukizigawanya kwa mita, jibu ni idadi: mara ngapi, sketi ngapi, chupa ngapi. Kilo ukizigawanya kwa watu, jibu linabaki kuwa kilo. Katika kugawia, baki kwa kawaida halitokei kabisa, maana nyama inakatika na mafuta yanamiminika mpaka yaishe. Kilo 2½ kwa familia 4 ni 5/8 ya kilo kwa kila familia, na bakuli limebaki tupu. Kwa hiyo fumbo la sehemu likikuuliza baki, mara nyingi ni fumbo la kazi ya kwanza, la "inaingia mara ngapi".

Kabla ya hesabu yoyote, fanya mambo matatu.

Andika kila namba pamoja na kipimo chake. Usiandike 5½ ÷ 1¼ ukaishia hapo. Andika "mita 5½, kila sketi mita 1¼".

Hakikisha vipimo vinafanana. Kama kitambaa kimetajwa kwa mita na urefu wa kipande umetajwa kwa sentimita, badilisha kimoja kwanza. Huwezi kugawanya mita 3 kwa sentimita 40 kabla hujazifanya mita 3 kuwa sentimita 300.

Kadiria. Mita 1¼ mara nne ni mita 5. Mara tano ni mita 6¼, ambazo zimezidi mita 5½. Basi jibu ni 4 na kitu. Sasa ukijikuta umepata 6 na 7/8, kwa sababu umezidisha mahali pa kugawanya, utajua papo hapo kwamba kuna jambo limeharibika.

Katika kukadiria, usiogope jibu kuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo. Lita 3 ukizitia kwenye vikombe vya robo lita unajaza vikombe 12. Namba imekua kwa sababu sasa unahesabu vikombe, na kikombe ni kidogo kuliko lita.

Njia ya asili moja, hatua kwa hatua

Kwa mafumbo yenye baki, njia inayolinda kipimo kuliko nyingine ni ya kuzipa sehemu zote mbili asili moja, yaani namba ya chini ifanane.

1. Geuza namba mchanganyiko ziwe sehemu guni. Mita 5½ ni 11/2. Mita 1¼ ni 5/4.

2. Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha asili zote mbili. Cha 2 na 4 ni 4. Basi 11/2 inakuwa 22/4, na 5/4 inabaki ilivyo.

3. Gawanya namba za juu peke yake: 22 ÷ 5 = 4, baki 2. Asili imekwisha fanya kazi yake, kwa kuwa sasa kila kitu ni robo: fundi ana robo 22, na kila sketi inachukua robo 5.

4. Lirudishie baki asili yake. Baki 2 ni robo mbili, yaani 2/4, yaani nusu mita. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi.

5. Kama swali linataka baki lielezwe kama sehemu ya sketi, weka baki juu ya namba iliyogawanya: 2/5. Jibu kamili ni sketi 4⅖.

6. Hakiki. Zidisha idadi kamili kwa kiasi cha kimoja, ujumlishe baki: 4 × 1¼ = 5, na 5 + ½ = 5½. Umerudi ulikotoka, kwa hiyo kazi ni sahihi.

Tuzipitie hatua hizo tena kwa asili zisizoelewana. Mfugaji wa nyuki ana asali lita 4⅔ na chupa za robo tatu lita. Atajaza chupa ngapi, na asali kiasi gani haitapata chupa kamili? Lita 4⅔ ni 14/3. Kigawe kidogo cha 3 na 4 ni 12. Basi 14/3 inakuwa 56/12, na ¾ inakuwa 9/12. Gawanya: 56 ÷ 9 = 6, baki 2. Hilo baki ni 2/12, yaani sehemu moja ya sita ya lita. Ukitaka kulitaja kwa chupa, ni 2/9 ya chupa. Hakiki: chupa 6 za lita ¾ ni lita 4½, ongeza 1/6 upate 4⅔. Sawa.

Angalia namba hizo mbili, 1/6 na 2/9. Hazifanani na wala hazipaswi kufanana, kwa sababu moja inapima kwa lita na nyingine inapima kwa chupa. Mwanafunzi anayeandika "baki 2/9 ya lita" amechukua namba ya chupa akaivika jina la lita.

Kupindua na kuzidisha: inafanya kazi, lakini tahadhari

Wengi tulifundishwa kupindua sehemu ya pili kisha kuzidisha. Njia hiyo ni sahihi na ni ya haraka, na ina sababu yake. Lita moja ina robo nne, kwa hiyo kugawanya kwa ¼ ni sawa na kuzidisha kwa 4. Chupa ya ¾ ni kubwa mara tatu kuliko ya ¼, kwa hiyo zitajaa chupa pungufu mara tatu: unazidisha kwa 4, kisha unagawanya kwa 3. Hiyo ndiyo maana ya kuzidisha kwa 4/3.

Tatizo lake linaanza pale swali linapotaka baki. Rudi kwenye kitambaa: 11/2 × 4/5 = 44/10. Ukigawanya hapo hapo, 44 ÷ 10 ni 4, baki 4. Ukirahisisha kwanza, 44/10 inakuwa 22/5, na 22 ÷ 5 ni 4, baki 2. Kitambaa kimoja, mabaki mawili! Mtoto makini atakuuliza lipi ni la kweli, na ana haki ya kuuliza.

Yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa kipimo chake. Lile 4 ni sehemu za nane za mita, na lile 2 ni robo. 4/8 na 2/4 zote ni nusu mita. Kurahisisha kulibadilisha ukubwa wa vipande tunavyohesabu bila kututaarifu. Ndiyo maana, ukitumia njia ya kupindua, usiandike kamwe "baki 2" au "baki 4". Chukua ile sehemu tu, 2/5, ambayo haibadiliki hata ukirahisisha, uizidishe kwa kiasi cha kimoja: 2/5 × 5/4 = 10/20 = ½. Sasa una nusu mita, na kipimo chake kiko wazi.

Kwa kikokotoo kanuni ni hiyo hiyo. Ukibonyeza 5.5 ÷ 1.25 utapata 4.4, na ile .4 si mita wala si "baki 4". Ni sehemu ya sketi. Zidisha 0.4 kwa 1.25 upate mita 0.5. Lakini kwenye theluthi, sehemu za sita na sehemu za tisa, kikokotoo kinakupa mkia wa tarakimu usioisha. Ile asali ya lita 4⅔ itakutolea 6.2222, na ukikata mkia mapema baki lako litapungua kidogo. Hapo heri ubaki na sehemu kwenye karatasi.

Baki linaweza kuzidi kizima

Kuna kamba ya mita 10, inakatwa vipande vya mita 2¾. Ukizipa asili moja, ni 40/4 na 11/4. 40 ÷ 11 ni 3, baki 7. Robo 7 ni mita 1¾.

Wanafunzi wengi wakiona baki la mita 1¾ hufuta kazi yote, wakiamini kwamba baki lazima liwe chini ya moja. Sharti halisi ni kwamba baki liwe dogo kuliko kiasi cha kipande kimoja. Hapa kipande ni mita 2¾, na 1¾ ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo hakuna kosa. Kosa lingekuwa kupata baki la mita 3, kwa kuwa humo ungeweza kukata kipande kingine.

Upande wa pili, jibu linaweza kuwa sifuri. Una nusu lita ya maziwa na jagi la robo tatu lita. Majagi yaliyojaa ni 0, baki ni nusu lita yote, na jagi limefika theluthi mbili. Kugawanya ½ kwa ¾ kunakupa ⅔, na hakuna cha ajabu ndani yake.

Swali ndilo linaloamua baki lifanywe nini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tathmini ya kitaifa ya elimu nchini Marekani iliwapa watoto wa miaka 13 fumbo ambalo walimu wa hisabati wanalitaja hadi leo. Askari 1,128 wanasafirishwa kwa mabasi, kila basi linabeba askari 36. Mabasi mangapi yanahitajika? Wengi waligawanya vizuri. Hata hivyo, kama watoto 29 katika kila 100 waliandika "31 baki 12", na wengine 18 wakaandika 31, wakawaacha askari 12 barabarani. Waliojibu mabasi 32 hawakufika robo ya watoto wote.

Katika fumbo hilo hapakuwa na sehemu hata moja. Kwenye sehemu mtego ni ule ule, ila umejificha zaidi. Ukishapata idadi kamili na baki, rudi usome sentensi ya mwisho ya fumbo, kisha uchague njia moja kati ya nne.

*Kuliacha baki.* Swali linauliza vitu kamili vingapi vinapatikana. Sketi 4⅖ haziuzwi. Fundi ana sketi 4.

*Kuongeza moja.* Swali linataka kila kitu kiingie au kila mtu afike. Ujenzi unahitaji mchanga tani 24, na lori linabeba tani 3½ kwa tripu. Tripu ngapi? Nusu 48 gawanya kwa nusu 7 ni 6, baki 6. Baki ni nusu 6, yaani tani 3 ambazo bado ziko machimboni. Lazima lori lirudi, kwa hiyo tripu ni 7, na ya mwisho itabeba tani 3. Angalia kwamba hatuongezi moja kwa sababu baki limevuka nusu. Hata kama zingebaki kilo 200, lori lingerudi.

*Kulitaja kama sehemu.* Swali linahusu kitu kinachoendelea bila kukatika, hasa muda. Jenereta inatumia petroli lita 1¼ kwa saa, na tangi lina lita 6. Itawaka kwa saa ngapi? Robo 24 gawanya kwa robo 5 ni 4, baki 4. Hapa jibu ni saa 4⅘, na kwa kuwa 4/5 ya dakika 60 ni dakika 48, mwenye jenereta anahitaji kusikia "saa nne na dakika 48". Usimwambie "saa nne, baki lita moja", ingawa ni kweli, maana hakuuliza petroli.

*Baki lenyewe kuwa jibu.* Swali halijali idadi, linataka kilichosalia. Hapa vipimo vya zamani vya pwani vinasaidia sana. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Wengi leo wanakijua kibaba kwa methali tu, lakini ukitazama vizuri, kibaba ni robo ya pishi na kisaga ni nusu yake. Sasa fikiria mama mwenye mchele pishi 3½, anafunga mafungu ya robo tatu ya pishi ya kuuza, na mchele usiotimiza fungu ndio utapikwa nyumbani. Utapikwa kiasi gani? Mpimaji wa zamani asingehangaika na sehemu. Pishi 3½ ni vibaba 14, na fungu ni vibaba 3. 14 ÷ 3 ni mafungu 4, vinabaki vibaba 2. Utapikwa mchele wa kisaga kimoja, yaani nusu pishi. Alichofanya ni kile kile tunachokiita kutafuta asili moja: alishuka kwenye kipimo kidogo kinachoingia kamili kwenye vyote viwili, akahesabu kwa namba nzima.

Mabaki mawili hayaungani daima

Fumbo moja gumu hupita kimyakimya kwa sababu linafanana na lile la kwanza. Fundi ana vipande viwili vya kitambaa, kimoja mita 3¼ na kingine mita 2¼. Sketi inakula mita 1¼, na haitakiwi kuwa na kiungo. Atashona sketi ngapi?

Kishawishi ni kujumlisha: mita 5½, kwa hiyo sketi 4. Lakini kata kila kipande peke yake. Kipande cha kwanza ni robo 13. Ukigawanya kwa 5 unapata 2, baki 3, yaani robo tatu mita. Cha pili ni robo 9. Ukigawanya kwa 5 unapata 1, baki 4, yaani mita moja. Jumla ni sketi 3. Mabaki kwa pamoja ni mita 1¾, yanazidi kiasi cha sketi moja, na bado hayatoi sketi, kwa kuwa hakuna kipande kimoja chenye urefu wa kutosha.

Kama ingekuwa mafuta au mchele, ungejumlisha kwanza, maana vinamiminika pamoja. Kitambaa, mbao, bomba na nondo havimiminiki. Kabla ya kujumlisha, jiulize kitu chenyewe kinaungika au hakiungiki.

Tunga fumbo lako mwenyewe

Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha kitabu kilicholinganisha walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China. Moja ya kazi alizowapa ilikuwa kukokotoa 1¾ ÷ ½, kisha kutunga fumbo linaloendana na hesabu hiyo. Walimu wote 72 wa China walikokotoa sawasawa. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 21 walijaribu, na 9 ndio waliofika kwenye jibu kamili. Kutunga fumbo kuliwashinda zaidi. Wengi wao walitunga kisa cha kugawia watu wawili, na hiyo ni hesabu nyingine: kugawanya kwa 2.

Jaribu mwenyewe. Juisi lita 1¾ ikigawiwa watoto wawili sawasawa, kila mmoja anapata 7/8 ya lita. Hiyo ni 1¾ ÷ 2. Lakini juisi lita 1¾ ikimiminwa kwenye chupa za nusu lita, unauliza nusu zinaingia mara ngapi, na hiyo ndiyo 1¾ ÷ ½. Robo 7 gawanya kwa robo 2 ni 3, baki 1. Chupa tatu zimejaa, na juisi ya robo lita inabaki. Jibu la 3½ lina nusu ndani yake, na nusu hiyo ni ya chupa. Nusu ya chupa ya nusu lita ni robo lita. Anayeweza kueleza sentensi hiyo kwa maneno yake ameelewa somo zima.

Ukikaa na mtoto, anza hapa kabla ya kanuni. Mpe 2½ ÷ ¾ umwambie atunge kisa cha mambo anayoyajua: unga, kamba, maji ya bustani. Akikwama, mchoree mstari wa kutoka 0 hadi 2½, uugawe robo robo, na yeye aruke robo tatu kila mara. Ataruka mara 3, afike kwenye 2¼, na abakiwe na robo moja ya mwisho. Muulize: hiyo robo ni robo ya nini? Kisha: ni sehemu gani ya mruko mmoja? Majibu ni robo ya kimoja, na theluthi ya mruko.

Jipime

Fanya haya manne kwa karatasi, utaje kipimo cha kila baki, kisha usome majibu.

a) Mpishi ana unga kilo 6. Kila akikanda maandazi hutumia kilo 1⅓. Atakanda mara ngapi kamili, na utabaki unga kiasi gani?

b) Mafuta ya nazi lita 9⅓ yanatiwa kwenye chupa za nusu lita, na hakuna mafuta yatakayoachwa nje. Chupa ngapi zinahitajika, na ya mwisho itajaa kiasi gani?

c) Msafiri anatembea kilomita 4½ kwa saa. Safari ni kilomita 15. Atachukua muda gani?

d) Seremala ana mbao mbili, kila moja futi 7. Anataka vipande vya futi 1½ visivyo na kiungo. Atapata vipande vingapi?

Majibu.

a) Theluthi 18 gawanya kwa theluthi 4 ni 4, baki 2. Atakanda mara 4, na utabaki unga theluthi mbili za kilo, unaotosha nusu ya kukanda kwingine.

b) Asili ya pamoja ni 6: 56 ÷ 3 = 18, baki 2. Baki ni 2/6, yaani theluthi ya lita, na nayo lazima ipate chupa. Chupa ni 19, na ya mwisho itajaa theluthi mbili.

c) Nusu 30 gawanya kwa nusu 9 ni 3, baki 3. Kilomita 1½ zimebaki, nazo ni theluthi ya mwendo wa saa moja. Jibu ni saa 3 na dakika 20.

d) Kila ubao: nusu 14 gawanya kwa nusu 3 ni 4, baki 2, yaani futi 1. Mbao mbili zinatoa vipande 8. Aliyejumlisha kwanza alipata futi 14, akagawanya, akapata vipande 9 na baki la nusu futi. Kipande chake cha tisa kimeundwa kwa mabaki mawili, na seremala hakitaki.